Basi la Kwenda Baharini

Bolti ya mwisho ilikataa kutoka. Verna Kittredge alikuwa amelala chali chini ya kiti cha nyuma cha basi dogo, spana mkononi, kutu ikimdondokea machoni, na kila alipovuta, bolti ilizunguka pamoja na nati yake kana kwamba inamdhihaki.

"Ishikilie huko chini, Odell! Inazunguka yote."

"Nimeishika."

"Umeshika hewa. Ishike!"

Mumewe alikuwa nje, mkono kauingiza chini ya sakafu ya basi, akihema. Mapafu ya Odell yalikuwa yameharibiwa na moshi wa kuchomelea vyuma, kazi aliyoifanya maisha yake yote, na siku hizi hata kuinama kulimtoa jasho. Lakini ukimwambia apumzike, hununa mpaka kesho yake. Akaibana nati kwa koleo, Verna akavuta kwa uzito wake wote, bolti ikakatika kwa mlio kama wa bastola. Kiti kikaachia.

Kilikuwa kiti cha marehemu Bibi Inez Rudd. Kila Jumapili, miaka na miaka, Verna alilipitisha basi hili nyumba kwa nyumba akiwakusanya wazee wa kanisa. Sasa kanisa lilikuwa na basi jipya, na hili wakauziwa wao kwa bei ya chuma chakavu. Ubavuni, ingawa Odell aliyapiga msasa maandishi yale, bado yalisomeka: KANISA LA KIBATISTI LA DILLARD FORK. KARIBUNI NYOTE.

Odell akapanda, akasimama katikati ya sakafu tupu. "Haya. Sasa tuna sebule."

Verna hakucheka. "Tuna sakafu yenye matundu. Nataka lile povu la kuzuia baridi liingie kabla ya mbao. Chini, ukutani, darini, kote. Na hita, Odell. Kabla ya kitanda, hita."

"Hita itakuwepo."

"Niambie nikuamini."

"Itakuwepo, mke wangu."

Walikuwa na muda mpaka mwisho wa Agosti. Kiwanja ambapo trela lao la kuishi lilisimama kilikuwa kimeuzwa kwa watu ambao hakuna aliyewahi kuwaona sura, na watu hao walitaka kila familia iondoke ili wapatengeneze kwa ajili ya watalii wanaotembea na magari ya kulala. Trela lenyewe lilikuwa limezeeka mno. Ukijaribu kulivuta, litabaki barabarani vipande. Na nyumba za kupanga mjini zilikuwa zimepanda bei tangu matajiri wa kuteleza kwenye theluji walipoigundua Dillard Fork. Pensheni ya Odell na mshahara wa Verna wa kufua mashuka ya hoteli, hata ukiviunganisha, havikutosha chumba chenye mlango wake. Basi, ndilo hili basi.

Gari la mizigo likaingia uani, akashuka Garland Wickers. Alikuwa shemasi wa kanisa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na diwani wa mji, na mambo hayo yote matatu alikuwa akitembea nayo kwa pamoja, kifua mbele.

"Kaka Odell! Mnalichinja basi la Bwana?"

Odell akajifuta mikono kwa kitambaa. Verna alimwona anavyoupanga uso wake, kama mtu anayefunga vifungo vya shati kabla ya kufungua mlango.

"Tunaligeuza nyumba ya magurudumu," Odell akasema. "Nimechoka na theluji, Garland. Namchukua mama huyu tukaione bahari."

"Bahari!" Garland akapiga bodi la basi kwa kofi. "Sikia mtu! Joylene wangu akisikia hili atanisumbua mpaka nife. Dada Verna, umebahatika."

Verna alisema ahsante. Alilisema neno lile huku ameing'ang'ania spana.

Gari lilipoondoka, akamgeukia mumewe. "Bahari gani?"

"Kubwa."

"Usinitanie, Odell."

"Ulitaka nimwambie nini? Kwamba tunafukuzwa kama mbwa?"

"Ndiyo. Hivyohivyo. Kwa sababu ndivyo ilivyo."

"Siyo kwa Garland."

"Mungu anajua hali yetu."

"Mungu hapigi soga dukani kwa Garland."

Ndivyo alivyolelewa. Odell angeacha chakula mezani akavute gari la mtu asiyemjua lililotumbukia mtaroni, na ukimpa hata dola moja anakasirika. Lakini kumwambia mtu mwingine kwamba amepungukiwa, hapana. Baba yake, mwaka ng'ombe walipokufa, alikula uji wa shayiri majira yote ya baridi ili majirani wasijue. Odell alikiita hicho kitendo uanaume. Verna naye alikuwa na jina lake kwa jambo hilo, ila halikuwa jina la kutamkwa na mtu aliyeokoka.

 

Kanisani Dillard Fork, kabla ya mahubiri, Garland husimama mbele akakusanya maombi. Huyu nyonga inamuuma, yule mjukuu wake yuko jeshini, mwingine kazi imeyumba. Na mwenye jambo asilotaka kulitaja huinua mkono na kusema, "La moyoni." Garland huitikia kwa kichwa na kuendelea. Hakuna anayeuliza, wala pale pale, wala baadaye mlangoni. Ni desturi ya siku nyingi, na ni nzuri. Watu wazima wamefichiwa aibu zao humo na kuponywa humo.

Jumapili ile Verna aliinua mkono. "La moyoni," akasema. Odell, pembeni yake, alitazama viatu.

Kisha Garland akaleta ombi lake mwenyewe. Baraza la mji lilikuwa linataka kupitisha sheria ya kuwazuia wanaolala kwenye magari pale nje ya maktaba. "Siyo kwamba hatuwapendi," alisema. "Lakini mji una utaratibu, na watoto wetu wanapita pale. Tuombe Bwana atupe hekima."

"Amina," watu wakaitikia.

Odell aliitikia. Verna naye aliitikia. Neno lilimtoka lenyewe, kama mguu wa dereva unavyokwenda kwenye breki bila kuagizwa. Alipolisikia masikioni mwake, lilikuwa limeshatoka, na halirudishiki.

"Na jambo la furaha," Garland akaongeza. "Kaka Odell na Dada Verna wanakwenda baharini na basi letu la zamani. Jumamosi nani anakuja na nyundo?"

Mikono ikainuka kanisa zima.

 

Wakaja kweli. Hilo huwezi kuwanyima watu wa Dillard Fork. Walikuja na drili na misumeno, na wanawake wakaja na masufuria: makaroni na jibini, maharagwe yaliyopikwa na nyama ya nguruwe, pai za tufaha zikiwa bado na moto. Meza zikapangwa nje ya trela, chini ya kibao kipya cha wenye kiwanja, na hakuna aliyekisoma kibao kile kwa sauti.

Kufika mchana basi lilikuwa na kitanda na sinki. Verna alikuwa amebeba mabapa ya povu kutoka kwenye trela, akayaegemeza ubavuni mwa basi ili mafundi wayaone. Aliporudi na kahawa, aliyakuta yamerundikwa kwenye nyasi, na Garland anakata ukuta kwa msumeno wa umeme.

"Kaka Garland, unafanya nini?"

"Zawadi, Dada Verna! Madirisha mawili makubwa kutoka dukani kwangu, bure. Utalala unaangalia mawimbi."

"Hapo palikuwa pa povu."

"Povu linakula nafasi. Basi lenyewe dogo hili."

"Na hapa Odell alipatenga kwa hita." Alionyesha pembe ya mlango. Palikuwa pameshawekwa sanduku la barafu.

"La kuwekea samaki!" mtu mmoja akaeleza.

"Mimi nahitaji hita," Verna akasema.

Garland akazima msumeno ili amcheke vizuri. "Unakwenda kuota jua, miguu mchangani. Hita ya nini?"

"Usiku hupoa hata pwani."

"Basi mzee atakukumbatia!"

Wakacheka wote, wanaume kwa wanawake, na Odell alicheka kuwazidi, mpaka kikohozi kikamkamata na ikabidi ashike mlango. Verna akamtazama. Sentensi moja tu ingetosha. Alikuwa nayo mdomoni kabisa. Lakini macho ya Odell, juu ya kile kikohozi, yalikuwa yanamwomba. Mtu ambaye hakumwomba mtu yeyote kitu chochote katika maisha yake, alikuwa anamwomba mkewe anyamaze.

Akanyamaza. Akaingia ndani ya trela, akaosha vyombo vya watu vilivyokuwa tayari visafi. "Bwana, nipe mdomo," aliomba juu ya sinki, na povu la sabuni lilimfika viwikoni. Baadaye sana alikuja kufikiri kwamba mdomo alikuwa nao siku zote, Mungu hakuwa na la kuongeza. Yeye ndiye hakuufungua.

Joylene, mke wa Garland, alikuwa ameshona mapazia. Kitambaa cha buluu chenye makombe ya baharini. Alikuwa ameyapiga pasi, akayakunja kwenye karatasi laini, na alipoyatoa machozi yalimlenga. "Kila ukiyafungua asubuhi, utukumbuke," alisema. Verna akambusu shavuni. Angefurahi kama angeweza kumchukia, lakini mtu huwezi kumchukia aliyekesha anakushonea pazia.

 

Siku ya kuondoka waliliwekea basi mikono, boneti nzima imejaa viganja, Mchungaji Tull akaomba ulinzi njia nzima mpaka kwenye maji makuu. Odell akapiga honi. Wakapungiwa mpaka kwenye kona.

Baada ya kona walipanda mlima, wakashuka upande wa pili, wakaegesha nyuma ya hoteli anakofulia Verna. Safari ya kwenda baharini ikaishia hapo, kwenye lami, karibu na mapipa ya taka.

Majuma ya kwanza yalivumilika. Verna alifua, Odell alikaa ndani ya basi akitengeneza kabati ambayo haikuhitaji kutengenezwa. Meneja alipowaambia waondoke walihamia msituni, kwenye maeneo ya serikali, ambako mtu anaruhusiwa majuma mawili halafu asogee. Wakasogea, wakasogea tena.

Jumapili Odell alimpigia simu Garland, kwa sababu alikuwa ameahidi. Alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kufulia, ambako Verna alikuwa kazini, na mashine kubwa zilikuwa zinazungusha mashuka, zinavuma na kutulia, zinavuma na kutulia.

"Hayo ndiyo mawimbi?" Sauti ya Garland ilisikika mpaka alipo Verna. "Joylene, njoo usikie! Njoo usikie bahari!"

Odell akaielekeza simu kwenye mashine.

Verna alikuwa ameshika shuka la mtu asiyemjua, mikono yake imekunjamana kwa maji ya dawa, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao alitamani kumpiga mumewe. Siyo kwa maneno. Kwa lile shuka lililoloa.

"Picha?" Odell alikuwa anasema kwenye simu. "Aa, kamera ya simu hii imekufa. Ndiyo. Ndiyo, samaki tele."

 

Theluji haikungoja. Kwanza lilikuja lile jasho la ndani: pumzi zao wawili ziligeuka maji kwenye bati na kwenye madirisha yale mawili makubwa, yakatiririka, yakaingia godoroni. Godoro likaota kuvu jeusi. Kisha maji yale yakaanza kuganda. Asubuhi Verna alikwangua barafu ya ndani kwa kadi ya benki. Hakuwa na matumizi mengine mengi ya kadi ile. Bomba la sinki likapasuka. Waliwasha jiko la gesi kidogo ili wapate moto, halafu ikabidi wafungue dirisha wasije wakafa kwa hewa chafu, na moto wote ukatoka nje kwenda kulipasha jimbo zima la Colorado.

Tangi la maji liliganda likavimba. Sanduku la samaki ndilo pekee lililofanya kazi yake barabara.

Asubuhi moja, kumekucha tu, wakagongewa. Afisa kijana alikuwa nje, glavu nene mikononi, kahawa inafuka.

"Habari za asubuhi, mama. Hapa hapalaliwi."

"Hatujalala," Verna akasema. Ilikuwa kweli. Odell alikuwa amekohoa usiku kucha.

Afisa akalitazama basi ubavuni. "Karibuni nyote," alisoma, akatabasamu kidogo, halafu akaona aibu ya kutabasamu. "Kuna viwanja vya kulipia kule ng'ambo ya mlima. Dillard Fork wamefungua kipya. Kina umeme, kina maji moto. Jaribuni huko."

Wakajaribu. Odell hakutaka; Verna ndiye aliyekuwa kwenye usukani.

Kiwanja chao kilikuwa kimemwagwa kokoto nyeupe. Mahali lilipokuwa trela palisimama gari refu la rangi ya kijivu, jipya, bomba dogo linatoa mvuke ubavuni: hita. Msichana aliyevaa soksi za sufu alikuwa amekaa mlangoni mwa gari hilo na kompyuta mapajani. Bomba la maji alilolichomelea Odell kwa mikono yake bado lilikuwepo, ila sasa limepakwa rangi na kupewa namba.

"Jamani, basi zuri!" yule msichana akamwambia Verna. "La kizamani kabisa! Mlilitengeneza wenyewe?"

"Wenyewe."

"Na sisi tuliacha nyumba tukachagua maisha haya. Uhuru, siyo?"

Verna alimwangalia. Hakuwa msichana mbaya. Alikuwa amempa tabasamu safi, la mtu aliyeoga maji moto asubuhi ile.

"Hapo ulipokaa," Verna akasema, "ndipo nilipokuwa napikia."

Msichana hakuelewa, na Verna hakumsubiri aelewe. Alikwenda ofisini. Mwenye zamu, kijana mstaarabu, aliuliza gari ni la mwaka gani. Verna akasema.

"Samahani sana, mama. Gari likizidi miaka kumi hatulipokei."

"Nina pesa za usiku huu."

"Siyo pesa. Ni mwonekano. Wageni wetu wanapenda..." Akatafuta neno. "Mwonekano."

"Nimeishi hapa, kijana. Mume wangu ndiye aliyezika mabomba ya kiwanja hiki. Unaoga kwa maji yake."

"Naelewa, mama."

"Huelewi. Lakini sema tena samahani, nisikie."

Akasema tena. Verna akarudi kwenye basi, akaufunga mlango kwa kishindo hata pazia la makombe likaanguka upande mmoja. "Unaona?" Odell akasema kwa sauti ndogo. "Ndiyo maana sisemi. Ukisema, unaongezewa."

"Kaa kimya, Odell," Verna akasema. "Kwa jina la Yesu, kaa kimya."

 

Jumamosi midomo ya Odell ilikuwa na rangi ya risasi. Kwenye zahanati, muuguzi alimsikiliza mgongoni, akasikiliza tena.

"Mapafu yameanza kujaa maji, baba. Nyumbani kwenu kuna joto?"

"La kutosha," Odell akasema.

Muuguzi akamwangalia Verna. Verna akaangalia ukuta. Kwenye ukuta palikuwa na picha ya ufukwe, mnazi na mchanga na maji, ile ya kuwatuliza wagonjwa, na kitu fulani ndani ya Verna, kilichokuwa kimekazwa tangu walipoambiwa wahame, kikakatika kama ile bolti.

Alichukua dawa. Asubuhi ya Jumapili akawasha basi, akapita njia panda ya msituni bila kukata kona.

"Unakwenda wapi?" Odell aliuliza kutoka kitandani, ndani ya mablanketi yote waliyokuwa nayo.

"Kanisani."

"Siendi."

"Basi baki ndani ya basi. Litakuwa limeegeshwa kanisani."

"Verna." Verna akakanyaga mafuta. "Verna, nakuomba."

"Uliniomba siku ile nikakusikiliza. Tazama nilikokufikisha."

 

Walimpokea kwa shangwe. "Wametoka baharini!" Joylene alimkumbatia mlangoni. "Mbona hata jua halijakugusa? Kaka Odell yuko wapi?" Amepumzika, Verna akasema, akaketi benchi lake la siku zote. Bomba la hewa ya moto lilikuwa linapita chini ya benchi lile. Vidole vya miguu vilianza kumuuma kwa kuyeyuka.

Garland akakusanya maombi. Nyonga. Mjukuu. Mama mmoja akasimama kumshukuru Mungu kwa ile sheria mpya, maana nje ya maktaba sasa ni pasafi, unapita na watoto bila wasiwasi. "Amina," watu wakasema.

Verna akainua mkono.

"Dada Verna, karibu nyumbani," Garland akasema. "La moyoni?" Na kichwa chake kilikuwa kimeshaanza kuitikia, macho yameshakwenda benchi linalofuata.

"Hapana," Verna akasema. "Leo nalitaja."

Akasimama. Akashika mgongo wa benchi la mbele.

"Hatukwenda baharini. Hatujafika hata jimbo la jirani. Tunalala ndani ya basi lenu tangu Agosti, na mume wangu yuko humo sasa hivi, mapafu yamejaa maji, na kuna barafu juu ya kichwa chake. Odell alidanganya. Mimi nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kulikuwa uongo uleule. Hilo nimeshalitubu, na nitaendelea."

Akawageukia walioketi nyuma yake.

"Lakini na ninyi mnisikilize. Kila mmoja humu alijua kiwanja kimeuzwa. Mlikula makaroni chini ya kibao chao. Mliona familia nzima nzima zinapakia vitu, hamkuniuliza hata siku moja: Verna, ninyi mnakwenda wapi? Mliuliza bahari ipi. Garland, wewe uko kwenye baraza la mji, ulipiga kura kile kiwanja kiwe cha watalii. Ulijua siku yetu ya kutoka kabla yangu. Na ulikuja na madirisha. Nilikuomba mahali pa hita mbele ya watu wote hawa, ukacheka."

"Dada Verna," Garland akasema, uso umemwiva, "sisi tuliamini..."

"Mliipenda ile bahari kuliko hata Odell alivyoipenda. Iliwapumzisha kuuliza."

Mchungaji Tull alikuwa ameinuka nusu kwenye kiti chake. Garland akainua mikono, kama anayetuliza farasi. "Ndugu zangu, tuinamishe vichwa. Tuombe."

"Hapana!" Verna akasema. "Msifumbe macho. Mkifumba tu, mtalifikiria jambo jingine. Na ile sheria, mimi niliiitikia Amina hapa hapa, benchi hili hili. Leo naichukua Amina yangu. Siitaki iwe huko juu pamoja na zenu."

Akatoka benchini, akashika ujia wa katikati, akafungua mlango mkubwa. Baridi ikaingia kanisani kama mgeni aliyechelewa. Alitembea juu ya theluji bila kugeuka kuangalia kama kuna anayemfuata. Kisha akasikia viatu. Vichache mwanzoni, halafu vingi.

Joylene ndiye aliyefika kwanza. Aliingia ndani ya basi, akaliona pazia lake limeganda juu ya kioo, na bila kufikiri akalivuta. Likatoka na bapa la barafu, kitambaa kikachanika katikati ya makombe. Akabaki amelishika. Halafu akaanza kulikunja, taratibu, kingo kwa kingo, kama alivyolikunja siku ile alipolileta, na maji yakimchuruzika mikononi.

Garland alikuwa mlangoni, mguu mmoja kwenye ngazi, mwingine kwenye theluji. Mbele yake Odell alikuwa amekaa kitandani, kofia kichwani, blanketi mpaka kidevuni. Juu yake kilining'inia kibao kilichochongwa na vijana wa kanisa: NYUMBANI NI POPOTE TUNAPOSHIKA BREKI.

"Kaka Odell," Garland akasema. Macho yalimtembea ukutani, kwenye kuvu, kwenye sanduku la samaki, yakarudi. "Huenda... huenda ni uchovu wa safari tu. Mmepita njia ndefu. Siyo?"

Ulikuwa mlango ule wa zamani wa kuikwepa kweli, ameufungua tena, na safari hii kwa upole. Odell angeweza kuupita. Verna aliuona uso wa mumewe unaanza kujipanga, kifungo kimoja, cha pili. Hakumsaidia. Aliomba tu, macho wazi, bila neno.

Odell akamtazama mkewe. Akatazama pazia mikononi mwa Joylene. Akajaribu kuvuta pumzi ndefu, haikutosha, akavuta nyingine.

"Sijawahi kuiona bahari, Garland," akasema. "Maisha yangu yote." Akalikaza blanketi. "Nasikia baridi."

Garland alibaki pale pale kwenye ngazi, mkono kaushika mwimo wa mlango alioukaza yeye mwenyewe, na nyuma yake kanisa zima limesimama kwenye theluji wakiwa na nguo zao za Jumapili, na upepo unapita juu ya bega lake kumfuata mgonjwa kitandani.

"Ingia au toka, Kaka Garland," Verna akasema. "Ila funga mlango."